Kopo la glutamini na sahani ya mgonjwa

Juzi nilikwenda Maweni, hapa Malindi, kumwona mzee aliyelazwa wiki tatu kwa nimonia. Bintiye akanitolea kopo la unga wa glutamini alilolinunua kwa bei ya kuumiza. "Dada, nimpe vijiko vingapi?" Nikamuuliza mzee anakula nini. Uji mweupe asubuhi, chai ya rangi na biskuti mchana, usiku uji tena. Nilipomshika mzee mkono, nyama ya kigasha ilikuwa imekwisha. Ngozi yateleza juu ya mfupa.

Glutamini ni mojawapo ya asidi amino zinazounda protini. Mwili huitengeneza wenyewe, hasa kwenye misuli, kwa hiyo mtu mzima wa afya hana haja ya kuinunua. Akiugua sana, chembe za kinga na za ukuta wa utumbo huitumia kwa kasi, misuli ikabomolewa kuzilisha, na kiwango chake katika damu kikashuka. Ndipo wataalamu wakasema: kama imepungua, tuiongeze. Mimi mwenyewe nililiamini hilo nikiwa chuoni.

Mwaka 2013 yakatoka matokeo ya utafiti wa Canada, Marekani na Ulaya, uliohusisha wagonjwa mahututi 1,223 ambao viungo viwili au zaidi vilikuwa vimeshindwa kazi. Katika miezi 6, waliopewa glutamini walikufa asilimia 43.7; wasiopewa, asilimia 37.2. Mwaka 2022 ikaja zamu ya majeruhi wa moto 1,209, nao glutamini haikuwaharakishia kutoka hospitali. Tangu hapo siwezi kumwambia mtu kuwa "haidhuru". Mwenye shida ya figo au ini asiiguse bila daktari wake.

Kuna mahali ina kazi, na pwani yetu inapahusu: selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Mwaka 2017 Marekani iliiidhinisha kama dawa kwa wenye selimundu kuanzia miaka 5. Katika jaribio la watu 230 kwa wiki 48, mgonjwa wa wastani aliyeitumia alipatwa na maumivu makali mara 3, mwenzake asiyeitumia mara 4. Ni nafuu ya kweli, lakini ndogo. Wazazi, nawasihi, msimwachishe mtoto haidroksiyurea, dawa ya selimundu, kwa ajili ya kopo. Dawa hiyo ilijaribiwa kwa watoto wetu hapa Kilifi, pamoja na Angola, Kongo na Uganda, ikapunguza maumivu, malaria na vifo.

Kwa mzee wa Maweni tatizo lilikuwa sahani. Ana kilo 52, na anayepona huhitaji kama gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo, yaani 62 hadi 78 kwa siku. Uji mweupe haukaribii. Glutamini nayo ni asidi amino moja tu, na misuli haijengwi na moja; zipo 9 ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza, sharti ziletwe na chakula.

Meno yake ni machache, basi tukapanga hivi: uji wa maziwa uliokorogewa yai ukachemka sawasawa, mbaazi za nazi zilizopondwa, changu aliyechambuliwa miiba kwa vidole, mara mbili kwa siku. Na kila baada ya kula, ainuke kitini na kukaa tena mara tano, bintiye akiwa ubavuni.

Ijumaa nitarudi na mizani. Nimemwambia binti asilifungue kopo na aitunze risiti, huenda dukani wakampokea.