Mzigo wa punda huamuliwa na nani?

Mwenye punda tunamlaumu bure. Hapa Lamu yeye mara nyingi hayupo mzigo unapopakiwa. Anayetembea na mnyama ni kijana wake, na anayesema leo ibebwe mifuko mingapi ni fundi anayengoja saruji mtaani Langoni. Fundi akilipa kwa safari, hutaka kila safari ijae. Akilipa kwa mfuko, kijana mwenyewe hurundika amalize mapema. Kwa vyovyote, anayeumia ni punda yule yule. Mifuko 2 ya saruji ni kilo 100 kamili, na punda wetu ni wadogo.

Kwa hiyo mimi, daktari wa mifugo, siku hizi huanzia gatini, kabla jahazi halijapakuliwa. Hesabu ya kila safari ikubaliwe hapo, mbele ya fundi, kijana na mwenye punda. Mahubiri ya huruma hayafiki mbali. Kila mtu hapa anajua kuwa kumtesa mnyama ni dhambi. Kinachosikilizwa ni hesabu: punda jike hubeba mimba takriban miezi 12, na mwanawe hafai kubebeshwa mizigo mizito mpaka afike miaka 3 au 4. Ukimvunja huyu leo, utamngoja mwingine mpaka lini?

Baada ya hapo ndipo tunaongea matandiko, na hapa sina haraka. Gunia la nailoni chini ya shogi, ule mfuko wa mizigo wa mgongoni, halinyonyi jasho, hukwangua ngozi. Weka pamba au blanketi kuukuu, nene pande mbili za uti wa mgongo, katikati pabaki wazi. Kamba ya chini ya mkia izungushiwe kitambaa laini, kifuliwe chumvi ya jasho isikauke juu yake. Vijana hushona haya wenyewe wakionyeshwa mara moja, tena wengine wananishinda kwa mkono. Kidonda kioshwe kwa maji safi yenye chumvi kidogo. Oili chafu ya injini haiponyeshi, inaunguza.

Kliniki ya Donkey Sanctuary, iliyoanza hapa mwaka 1987, hutibu bila malipo. Ni msaada mkubwa, lakini kidonda kilichofungwa leo kitafunuka kesho chini ya kamba ile ile.

Jambo moja nawaambia hata watoto. Punda huficha maumivu; hatajigaragaza kila mara kama farasi mwenye msokoto wa tumbo. Atasimama tu, kichwa chini. Huenda amemeza plastiki jalalani. Na akiacha kula, mafuta ya mwilini huanza kumwagika kwenye damu na kuliharibu ini, hata kama chanzo kilikuwa kidogo. Aliyekataa chakula asubuhi aletwe siku hiyo hiyo. Mchanga wa fundi utangoja.