Fibroidi si lazima zizuie mimba

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai mwenye fibroidi, yaani uvimbe unaoota kwenye kizazi, hazai mpaka atolewe kizazi. Si kweli, kizazi kikitolewa, ndipo mimba haiwezekani tena. Wengi wenye uvimbe huu, ambao kwa kawaida si saratani, hushika mimba na kujifungua salama.

Watu huchanganywa na ukubwa, ilhali mahali ndipo penye uzito zaidi. Ulioota upande wa nje wa kizazi mara nyingi hauzuii mimba. Uliochomoza ndani, hata wa sentimita 2, unaweza kuizuia isijishikize au kuiharibu, na huweza kuondolewa wenyewe kizazi kikabaki.

Piga ultrasaundi, uulize: uko wapi, una sentimita ngapi? Mjamzito amwambie mkunga mapema, maana unaweza kuleta maumivu au kumfanya mtoto alale vibaya. Ujumbe ule, tafadhali, usiusambaze.