Nyumba Inayonuka Moshi: Kagua Kabla ya Kutoa Arubuni

Ukienda kuangalia nyumba Mji Mkongwe wa Zanzibar ukakuta chetezo kinafuka udi tangu ngazini, shukuru kwa ukarimu, kisha muombe mwenyewe urudi kesho yake alfajiri, kabla madirisha hayajafunguliwa. Udi ni heshima ya mgeni na simshuku kila anayeuchoma. Lakini udi hufunika harufu nyengine, hauiondoi, na wewe unakwenda kutoa fedha ulizozidunduliza miaka. Kazi yangu ni kukarabati nyumba za chokaa. Ukiacha paa zinazovuja, hakuna lalamiko ninaloletewa na wanunuzi wapya zaidi ya hili: "Fundi, tumeshapaka rangi nyumba nzima, na bado inanuka moshi."

Itaendelea kunuka, kwa sababu moshi umeshaingia ukutani. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, mara nyingi unene wake unafika nusu mita au zaidi, na jiwe lenyewe na chokaa vyote vimejaa vitundu. Moshi wa kuni nao si masizi meusi tu. Umebeba mafuta, lami, na kemikali kama gwayakoli, ambayo ni miongoni mwa zinazoleta ile harufu ya kuni tunayoijua sote. Vitu hivyo hujipenyeza kwenye vitundu vikaganda humo. Kiangazi unaweza usisikie kitu. Masika yakiingia, unyevu ukapanda na madirisha yakafungwa kwa mvua, harufu hutoka tena ukutani ikajaa chumbani. Ndiyo maana anayenunua Januari huanza kulalamika Aprili.

Na moshi wenyewe una historia. Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za ghorofa zilikaliwa na familia kadhaa kwa pamoja, na watu wakapika pale walipopata nafasi: ukumbini, chini ya ngazi, kwenye pembe ya chumba cha kulala. Kwa hiyo usikague jiko la leo tu; uliza watu walikuwa wakipikia wapi. Kisha kuna ile miezi 3, Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa bila ya umeme kwa hitilafu ya kebo inayotoka bara. Watu waliwasha koroboi na kandili kila usiku, na koroboi hutoa masizi membamba mno. Ninapokwangua rangi juu ya zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, mara kwa mara naikuta doa nyeusi pale taa ilipokuwa ikiwekwa.

Ukiingia ndani, pumzi za mwanzo ndizo zenye maana, kwani pua huzoea upesi. Toka nje, kaa kidogo barazani, ingia tena. Fungua makabati ya ukutani utie kichwa ndani. Funua kifuniko cha kiyoyozi unuse chujio. Halafu tazama juu. Boriti za mikoko hazijapigwa randa. Zina magamba na mianya, na masizi hujificha upande wa juu unaogusana na mawe ya dari, ambako brashi ya mpaka rangi haifiki. Panda ngazi upanguse hapo kwa kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka cheusi chenye unga, ni masizi ya kupikia au ya taa. Ukipangusa kioo au mlango kwa kitambaa chenye maji kidogo kikatoka na unjano unaonata, huenda mwenye nyumba alikuwa mvutaji sigara. Na chumba kimoja kilichopakwa rangi jana wakati vyengine vimechakaa, uliza kwa nini.

Kuna nyumba moja mtaa wa Malindi, humu humu Mji Mkongwe, niliitwa baada ya ununuzi. Kijana na mkewe walikuwa wameshapaka rangi ya maji mara kadhaa, na kila mara madoa ya kahawia yalirudi karibu na dari. Nikakwangua kwa kisu sehemu ya ukubwa wa kiganja. Nyeupe ikatoka, ikafuata rangi ya mafuta ya kijani, chini yake niru, yaani chokaa laini ya kumalizia ukuta, iliyogeuka kijivu, na hapo harufu ikapanda kana kwamba mtu amezima kuni asubuhi ileile. Mke akasema taratibu, "Kumbe hapa ndipo palikuwa jikoni." Ilikuwa sasa chumba cha mtoto wao.

Ukuta kama ule dawa yake ni kuutoa uchafu. Kwanza brashi kavu na mashine ya kufyonza vumbi, maana maji yakitangulia huyalowesha masizi na kuyapeleka ndani zaidi. Halafu lipu iliyokula moshi ibanduliwe mpaka harufu ikatike, na ipigwe mpya ya chokaa iliyolala majini muda wa kutosha, kwa matabaka membamba, kila moja liachwe likauke na kushika. Kwa nyumba iliyo ndani ya hifadhi, pitia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe upate kibali kabla fundi hajaanza.

Utashauriwa uzibe kila kitu kwa rangi ya mafuta, au upige lipu ya saruji juu. Nakusihi usikubali. Ukuta wa chokaa lazima upumue. Ukiuziba, unyevu unabaki ndani, chumvi inasukuma rangi mpaka inabambuka, na harufu inarudi pamoja na ukungu. Siki nayo, inayosifiwa sana, ni nzuri kwa vioo na vigae, na inaondoa vizuri mabaki ya sigara. Kwenye niru ni adui, kwa sababu asidi yake inakula chokaa.

Nyumba za matofali ya saruji, kama za Fuoni au Mbweni, ni nafuu. Osha kwa maji ya sabuni, suuza, acha ikauke kabisa, piga rangi ya kwanza ya kuzibia yenye asili ya mafuta, kisha rangi uipendayo. Bodi za dari zilizolowa moshi zing'oe. Mashine za ozoni, za kuondolea harufu, sizishauri: gesi ile inaumiza mapafu, na haifiki ndani ya ukuta.

Limebaki la bei. Usimwambie mwenye nyumba kwamba nyumba yake inanuka. Huenda ndimo alimozaliwa. Sema, "Bi Mkubwa, kuta mbili za huku nyuma zimekula moshi, fundi anasema lipu itoke. Tutasaidiana vipi?" Nenda na makisio ya fundi yaliyoandikwa: mita za mraba, chokaa, ujira. Wengi hupunguza bei wakiona hesabu. Akisita, muombe ruhusa ubandue kipande kidogo mahali pasipoonekana, chumba kifungwe wiki nzima bila ya udi, kisha mkanuse pamoja, wewe, yeye na dalali, kabla arubuni haijatoka mkononi mwako.