Kuku hana ngano, ila karai linayo

"Mtaalamu, mimi ngano nimeacha kabisa. Siku hizi nakula kuku tu." Naambiwa hivi na watu wa hapa Mtwara mjini, naambiwa na wanaotoka Masasi na Newala, na kila mara nauliza swali lilelile: huyo kuku umempika mwenyewe au umemnunua kibandani? Kimya. Tunaanza upya.

Kuku mwenyewe hana gluteni, ile protini ya ngano, shayiri na rai. Hata wa kisasa aliyekuzwa kwa pumba za ngano hana, kwa sababu protini ya chakula chake huvunjwavunjwa tumboni mwake. Haihamii kwenye paja wala kwenye yai. Wapo wagonjwa wa siliaki, yaani watu ambao gluteni huwaumiza utumbo, walioshauriwa na majirani wale kuku wa kienyeji peke yake, wakawa wanalipa bei kubwa bure. Wa kienyeji ni mtamu, sibishi, lakini si dawa ya siliaki.

Balaa linaanza akishachinjwa. Jioni ukienda kwenye kibanda cha chipsi, weka simu mfukoni uangalie mikono ya mpishi. Vipande vimelowekwa kwenye beseni lenye tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na sosi ya soya. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Halafu vinanyunyiziwa unga mweupe ili vikauke vizuri kwa nje. Halafu vinatumbukizwa kwenye mafuta yaleyale yaliyokaanga maandazi asubuhi na sambusa mchana. Na usiniambie moto umeua. Gluteni si mdudu, ni protini, na joto la karai haliiondoi. Mtu anakuja tumbo limejaa gesi, anaharisha, damu haipandi pamoja na vidonge vyote vya madini ya chuma alivyomeza, na ananiapia kwamba ngano hajaigusa. Kweli hajaigusa. Imemfuata kwenye sahani.

Soseji za kuku ndizo zinazonikera zaidi. Juu ya pakiti kuna picha ya kuku amenona, ndani kumejaziwa unga wa ngano. Siyo zote, lakini huwezi kujua bila kusoma, na maandishi yenyewe ni madogo na mara nyingi ya Kiingereza. Tafuta wheat (ngano), barley (shayiri), rye (rai) na malt (kimea). Ukiona hata moja, irudishe kwenye friji la muuzaji. Vidonge vya supu na viungo vya mchuzi vya pakiti navyo visomwe hivyohivyo, maana vingine huwekewa unga wa ngano ili mchuzi uwe mzito. Ushauri wangu, ambao wateja wangu wameshauchoka, ni huu: nunua kuku mzima, mkatie nyumbani, tia chumvi, ndimu, pilipili na tui la nazi. Nazi inakunwa mbele ya macho yako, haina pakiti ya kusoma.

Ajinomoto, kile kiungo cha kuongeza ladha, anasingiziwa kuwa na gluteni. Zamani ilitengenezwa kwa kuvunja gluteni ya ngano, lakini leo hupatikana kwa kuchachusha sukari ya miwa au wanga wa muhogo na mazao kama hayo.

"Kidogo hakidhuru" nayo nimeichoka. Kiwango cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni miligramu zisizozidi 20 kwa kilo moja ya chakula. Slesi moja ya mkate ina gramu 2 hivi za gluteni, yaani miligramu 2,000, wakati miligramu 50 tu kila siku kwa miezi mitatu zimeonekana kuumiza utumbo wa mgonjwa. Kwa hiyo makombo yana uzito wake.

Upande wa kuoka na kuumua, watu wanaogopa hamira na kuamini unga. Ingepaswa kuwa kinyume. Hamira ya kawaida ya mkate haina shida. Beking pauda huchanganywa na wanga, kwa kawaida wa mahindi, lakini upo wa ngano, soma. Vitumbua ni vya mchele, sawa, ila wapishi wengi huongeza vijiko vya unga wa ngano ili vishikane. Muulize mama kabla hujanunua, hatakasirika.

Unga wa muhogo je? Makopa hayana gluteni, wala mtama, ulezi na uwele. Mashine ndiyo inayo. Aliyekutangulia kwenye foleni amesaga unga wa lishe wenye mahindi, ulezi, soya na ngano, na mashine haioshwi kati ya mteja na mteja. Twanga makopa yako kwenye kinu, uchekeche kwa chekeche lisilojua ngano. Ni kazi, najua. Siku ukichoka kuna viazi, wali na ming'oko, ile mizizi ya porini, ambavyo havihitaji kusagwa.

Na wale wanaoacha ngano kwanza ndipo waje kupima: mnaharibu kipimo. Kipimo cha damu cha siliaki hutafuta kingamwili, na kingamwili hupungua ukishaacha gluteni. Njoo ukiwa bado unakula chapati zako. Kama umeshaacha, mwambie daktari kabla hajachukua damu, maana huenda akakutaka urudie ngano kwa wiki kadhaa kwanza.