Kutazama matokeo si kuuza msimamo

Kazi yangu hapa Lamu ni kukaa baina ya watu waliokosana: ndugu wanaogombea nyumba ya marehemu baba yao, wavuvi wanaozozana juu ya nyavu, wanakamati wa msikiti wasiopeana salamu, na mara mojamoja wagombea wa wadi waliotoleana maneno mazito mbele ya kadamnasi. Usuluhishi hauna siri kubwa. Humwomba kila mmoja aeleze anachokitaka, kisha humuuliza: ukipewa hicho unachokitaka, kesho asubuhi kutakuwa kumebadilika nini, kwa nani, na kwa muda gani? Ni swali jepesi, na watu wazima hulijibu kila siku wanaponunua mashua au kumwozesha binti. Lakini likiingizwa katika dini, siasa au mali ya urithi, huonekana kama tusi. Juma lililopita niliambiwa, kwa mara ambayo siwezi tena kuihesabu, kwamba nawafundisha watu kuacha haki zao, na nimeona heri niyajibu hapa, moja baada ya moja, maneno ninayoambiwa mara kwa mara juu ya kupima mambo kwa matokeo, kuliko kuendelea kujieleza kwa mtu mmojammoja.

"Anayepima jambo kwa matokeo yake hana msimamo"

Aliyenitamkia hayo ni kaka mkubwa katika familia ya watoto wanne, waume wawili na wake wawili, walioachiwa na wazazi wao nyumba moja ya mawe katika mji wa kale. Mafungu yao hayakuwa na ubishi: mali hugawanywa sehemu sita, kila mwanamume akapata mbili na kila mwanamke moja. Ubishi ulikuwa juu ya ukuta. Kaka alitaka msana wa juu, yaani ukumbi mrefu, ukatwe kwa ukuta ili kila mwenye fungu alione fungu lake kwa macho, na nilipomuuliza ukuta huo utamfanyia nini, alinijibu kwa hasira: "Maalim, mimi sikuja hapa kutafuta maslaha. Nimekuja kutafuta haki."

Nilimwita fundi mzee aje aangalie. Nyumba zetu za zamani zina vyumba virefu vyembamba kwa sababu dari hubebwa na boriti za mkoko, na upana wa chumba hauwezi kuuzidi urefu wa boriti. Fundi alizigonga boriti kwa nyuma ya nyundo, akasikiliza mlio wake moja baada ya moja, akasema kwamba ukuta wa mawe na chokaa ukiwekwa juu yake, dari itaanza kulegea kabla ya masika ya pili. Zaidi ya hayo, mgawanyo wenyewe ungemwachia kaka nusu ya msana isiyo na ngazi, na dada zake sehemu isiyo na choo. Haki aliyokuwa akiitetea ingewapa watu wanne nyumba moja mbovu.

Tulipoendelea kuzungumza, ikafahamika kwamba hakuwa na haja ya ukuta hata kidogo. Alichokiogopa ni kwamba ndugu yake mdogo, anayeishi humo na mkewe, angekaa miaka kumi kisha aanze kujiita mwenye nyumba. Hofu hiyo ni ya kweli na ina dawa zake: hati inayotaja mafungu yote, kodi anayoilipa mkaaji na kugawanywa sehemu sita kila mwezi, na ruhusa kwa yeyote kati yao kutoka katika urithi kwa kulipwa thamani ya fungu lake, jambo ambalo wanazuoni wa sheria wamelijua karne nyingi kwa jina la takharuji. Hakuna hata sehemu moja ya sita iliyobadilishwa. Kilichoachwa ni ukuta.

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo mawili. Msingi ni kitu kimoja, na njia tuliyoizoea ya kuulinda ni kitu kingine. Anayeuliza juu ya matokeo haubomoi msingi; anakulazimisha useme msingi wako unataka nini hasa, na hapo ndipo tunapokasirika, kwa kuwa wengi wetu hatujawahi kulisema hilo hata kwa nafsi zetu.

Kwa wanaonijibu kwamba fikra hii ni ya Wazungu na haina mahali katika dini, huwauliza kama wameusahau mkataba wa Hudaybiya. Mwaka wa 6 Hijria, yaani 628, Mtume alitoka Madina pamoja na watu wapatao 1,400 kwenda kufanya Umra, akazuiwa nje ya Makka na Makureshi, kabila lililoutawala mji huo. Katika kuandika mkataba, mjumbe wa Makureshi, Suhayl bin Amr, alikataa jina la Rahmani na la Rahimu lisiandikwe, kisha akakataa maneno "Mtume wa Mwenyezi Mungu". Ali, aliyekuwa akiandika, aliona uzito kuyafuta, na Mtume mwenyewe akayafuta, ikaandikwa Muhammad bin Abdillahi. Masharti yalikuwa machungu: warudi mwaka ule bila kufika kwenye Kaaba, waje mwaka unaofuata kwa siku tatu, na kila atakayewakimbilia kutoka Makka bila idhini ya msimamizi wake arudishwe. Wino haujakauka, akaja Abu Jandal, mtoto wa Suhayl yuleyule, akijikokota na minyororo yake, akiomba asirudishwe, naye akarudishwa. Umar bin Khattab alishindwa kuvumilia, akauliza kwa nini wakubali unyonge katika dini yao ilhali wako katika haki.

Swali la Umar ndilo swali la kaka wa nyumba ile, na ndilo ninaloletewa kila juma. Jibu lake lilikuja kwa mwendo wa mambo: amani iliyoandikwa kuwa ya miaka kumi ilifungua njia za watu kuonana na kusikilizana, na mkataba ulipovunjwa na upande wa pili, Makka ilifunguliwa kabla ya miaka miwili kutimia, kwa damu kidogo mno. Sisemi kwamba kila kitu kinaweza kuuzwa mezani. Nasema angalia ni kitu gani kilifutwa na ni kitu gani hakikuguswa. Maneno mawili yalitoka kwenye karatasi; imani haikutoka kwenye kifua cha mtu yeyote. Na Umar huyohuyo, alipokuwa Khalifa, aliisimamisha adhabu ya kukata mkono wa mwizi katika mwaka wa njaa, kwa kuwa aliyeiba ili ale hakuwa yule ambaye adhabu iliwekwa kwa ajili yake. Sijamsikia mtu akimwita Umar kigeugeu.

Kigeugeu yupo, na anatambulikana. Ni yule anayehama chama usiku wa kuamkia uteuzi, akawaambia watu wa wadi yake kwamba amefanya hivyo kwa ajili ya maendeleo yao. Mwulize maendeleo gani, yatakayoonekana wapi, kufikia mwezi gani, na yasipoonekana atafanya nini. Hatakujibu. Mwenye kupima kwa matokeo hutaja kipimo chake kabla ya jambo kutokea, na hukubali kukosolewa nacho. Kigeugeu hutafuta kipimo baada ya jambo kutokea, na kila mara hukipata.

"Kweli ni chochote kinachonifaa"

Kosa hili lina historia. Falsafa inayoitwa pragmatizimu ilianza Marekani kwa Charles Peirce, ambaye mwaka 1878 alieleza kwamba ukitaka kuifahamu fikra yoyote kwa uwazi, tazama ni athari gani za kivitendo zingetokana na kitu unachokifikiria. Lilikuwa shauri juu ya kufafanua maana ya maneno. William James akalipeleka mbali zaidi, hadi kwenye imani na dini, akazungumza juu ya kweli kama kitu kinachofaa kuaminiwa, na tangu hapo kila mwenye shughuli zake akaona amepata kibali. Peirce alichukizwa kiasi kwamba mwaka 1905 aliibadilishia jina falsafa yake mwenyewe, akachagua makusudi jina baya ili pasiwe na mtu wa kuliiba. Hata James hakusema kwamba kweli ni matakwa ya mtu. Nahodha akiamini kwamba maji yamejaa kwa sababu ana haraka ya kufika Pate, fungu la mchanga halitamwonea huruma, na abiria watakaa juani hadi maji yarudi.

"Mahakama za Kadhi zingeigeuza nchi"

Nalitaja hili kwa kuwa lilikuwa mfano wazi wa watu kupigana kwa majina. Kabla ya kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, palikuwa na waliohubiri kwamba Katiba mpya ingeifanya Kenya dola la Kiislamu, na palikuwa na wenzetu walioyatetea mahakama hayo kana kwamba Uislamu wenyewe ungezikwa bila hayo. Wachache kwa pande zote walikuwa wamekisoma kifungu. Kifungu cha 170 kinamwekea Kadhi mipaka: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, na tena pale tu ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kusikilizwa naye. Mahakama hayo yalikuwapo zama za Sultani wa Zanzibar, yakabaki chini ya Waingereza, na kuendelea kwake kulikuwa sehemu ya makubaliano ya Oktoba 1963 juu ya ukanda wa pwani. Basi uliza swali langu: kifungu kikipita, asubuhi yake Mkristo wa Mpeketoni anabadilikiwa na nini? Hakuna. Na Mwislamu wa Lamu? Anabaki na mlango uleule aliokuwa akiubisha babu yake. Mabishano ya miezi mingi yangeweza kumalizika kwa kikombe kimoja cha kahawa.

"Kiongozi wa vitendo hapotezi wakati kwa kushauriana"

Dhana hii huipenda zaidi watu wa ofisini. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, hapa Lamu, ulisifiwa kuwa ni jambo la vitendo, na waliouliza maswali wakaitwa wapinga maendeleo. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la kitaifa la kuamua kesi za mazingira likaifuta leseni yake, sababu kubwa ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka mmoja kabla yake, Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya athari za bandari mpya ya Lamu, ikieleza pia kwamba haki yao ya kupewa habari haikuheshimiwa. Ikafuata rufaa, kisha pande zikarudi kuzungumza, zikaafikiana sehemu ya fidia iwe fedha taslimu na sehemu iwe kwa njia nyingine. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyopaswa kuwa ya kwanza. Aliyeruka mashauriano ili aokoe miezi alipoteza miaka, na sioni ni kwa hesabu gani huyo anaitwa mtu wa vitendo. Mvuvi anayeujua mkondo ulivyo wakati wa kusi ana habari ambayo haimo katika ramani ya mhandisi, na kumsikiliza ni sehemu ya kazi yenyewe.

"Suluhu ni kugawana nusu kwa nusu"

Si kweli. Mmoja akidai mbuzi wa mwenziwe, kumkata mbuzi kati si suluhu. Nimeona wazee wakifanya hivyo kwa kuchoka, na ugomvi ukarudi kabla ya mwaka kwisha.

"Ukishakubali, umekubali milele"

Hili lina sehemu ya kweli, kwa kuwa mkataba lazima uheshimiwe, lakini hekima ya kupima kwa matokeo imo katika kukiri kwamba tunaweza kuwa tumekosea. Kwa hiyo hakuna anayetoka kwangu bila ya ukurasa mmoja wa daftari. Mstari wa kwanza huandikwa tulichokubaliana. Wa pili, dalili itakayotuonyesha kwamba tumekosea. Wa tatu, tarehe ya kurudi. Wanasheria hunicheka kwa mstari wa pili. Mimi nauona kuwa ndio wenye thamani kuliko yote, kwa sababu mtu aliyekwisha kuandika kwa mkono wake "kodi ikikosekana miezi mitatu tutakaa upya" hana haja ya kuja kupiga kelele mlangoni kwa nduguye mwezi wa nne. Ningefurahi kuiona mistari hiyo mitatu katika ahadi za wagombea wetu, katika maazimio ya kamati za misikiti na katika kila mapatano ya wakubwa yanayofungwa kwa kupeana mikono mbele ya kamera.

Ukurasa wa familia ile unasema warudi mfunguo tatu, yaani mwezi wa Dhulhija. Dalili waliyoiandika ni kodi kucheleweshwa, au mkaaji kupiga msumari wowote bila ya kuwaarifu wenziwe. Wote wanne wametia saini, ila kaka mkubwa ameongeza pembeni, kwa herufi ndogo, kwamba hakubaliani na maneno ya fundi kuhusu boriti. Nimeyaacha maandishi yake yabaki hapohapo.