LRV: Namba Ndogo Nyuma ya Kadi ya Rangi

Ukienda dukani kuchagua rangi ya nje ya nyumba, muuzaji anakuwekea mezani kadi yenye vipande vya rangi, nawe unaanza kutafuta kitakachopendeza. Kabla hujachagua, igeuze kadi hiyo. Kampuni nyingi huandika nyuma yake, au chini ya jina la rangi, herufi LRV na namba: 82, 47, 9. Kwa anayejenga Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, namba hiyo ina kazi kubwa kuliko jina la rangi lenyewe.

LRV (kwa Kiingereza, light reflectance value) ni kipimo cha uakisi. Inaeleza katika mwanga wote unaoangukia ukuta, asilimia ngapi inarudi nje. Sifuri ni weusi usiorudisha chochote, 100 ni weupe unaorudisha wote, na ncha zote mbili hizo huzikuti dukani. Nyeupe ya kawaida huwa kati ya 80 na 90. Krimu huwa chini yake kidogo, na kahawia iliyokolea inaweza kushuka chini ya 10. Mwanga usiorudi haupotei. Unazama ukutani na kugeuka joto.

Joto hilo si dogo. Saa sita mchana, mbingu ikiwa safi, mita moja ya mraba inayotazamana na jua hupokea karibu wati 1,000, yaani pasi moja ya umeme iliyowashwa. Ukipaka rangi nyeusi, karibu pasi nzima inabaki kwako. Ukipaka nyeupe, unabakiwa na sehemu ndogo tu. Paa la nyumba ya kawaida lina mita za mraba mia na zaidi, kwa hiyo hesabu mwenyewe ni pasi ngapi.

Lakini LRV ina upofu wake: inapima mwanga unaoonekana kwa jicho tu. Karibu nusu ya nguvu ya jua huja kwa miale ya infraredi, ambayo hatuioni. Ndiyo maana kuna rangi zilizokolea ambazo watengenezaji wamezichanganya ili zirudishe miale hiyo, na zikipigwa jua hazichemki kama kahawia nyingine za namba ileile. Kwa bidhaa za paa utakuta kipimo kingine, SRI, ambacho huhesabu jua lote pamoja na uwezo wa kitu kutoa joto kililokwisha kulipokea.

Hapo kwenye kutoa joto ndipo mabati yanapotudanganya. Bati jipya lisilopakwa rangi linang'aa mpaka macho yanauma, na mtu husema hilo si linarudisha jua lote? Linarudisha kiasi kikubwa, kweli, ila kile kidogo lilichomeza halijui kukitoa. Madini matupu ni mabahili wa joto. Rangi za kawaida hutoa joto vizuri zaidi. Kwa hiyo bati lililopakwa nyeupe huwa la baridi kuliko bati tupu linalometameta, na yote mawili hayafikii joto la lile la maruni au kijani kilichoiva ambalo siku hizi limeenea kila mtaa. Sina ugomvi na maruni, ila anayelala chini yake bila siling bodi anajua ninachosema.

Kwa hiyo kama fedha ni za kupaka sehemu moja tu, anza na paa. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupita juu ya utosi, na kuta za kaskazini na kusini hupata kidogo. Sehemu ya pili kwa umuhimu ni ukuta wa magharibi. Jua la saa tisa hadi kumi na mbili huupiga uso kwa uso, tofali za saruji zinalihifadhi lile joto, kisha zinalirudisha chumbani taratibu saa mbili, saa tatu usiku, wakati nje hewa imeshaanza kupoa. Jaribu kuweka kiganja kwenye ukuta huo kwa ndani baada ya chakula cha usiku. Feni hapo inazungusha hewa ya moto tu, na yuniti za umeme za LUKU zinakwenda.

Wazee wa pwani hawakuwa na kadi za rangi. Walikuwa na chokaa, iliyochomwa kutokana na matumbawe, juu ya kuta nene za mawe kama zile za Lamu na Mji Mkongwe. Chokaa ilipofifia ilipakwa tena, na hilo ndilo jambo linalosahaulika na wenye rangi za kisasa: vumbi, moshi na ukungu hula uakisi. Nyeupe ya 85 iliyoachwa miaka bila kuoshwa si 85 tena. Fundi wengi hushauri krimu badala ya nyeupe kwa sababu hiyo, nao hawajakosea, maana haionyeshi uchafu upesi, haimwakii jirani machoni, na namba yake bado iko juu. Sehemu ya chini ya ukuta, inayorukiwa na matope, ipake rangi iliyokolea bila wasiwasi. Ni ndogo.

Kama unajenga Njombe au Limuru, ambako Julai watu hulala na blanketi mbili, soma namba hiyohiyo kwa kuigeuza: ukuta wa 30 unaopigwa na jua la jioni utakupa joto la bure usiku.