Uozo adimu si uozo wa polepole

Nimeulizwa tena kuhusu uozo wa viini vya atomu, safari hii na mtu aliyesoma fizikia hadi chuo kikuu: "Kama uozo wenyewe ni adimu, si mkae tu msubiri?" Hapana! Kusubiri hakutusaidii kitu, na dhana hii inawaficha watu mahali ugumu wa kazi yetu ulipo.

Chukua berili-11, aina ya berili yenye namba-uzito 11. Nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu ya atomu zake kuoza, ni sekunde 13.8. Dakika chache tu, imekwisha. Kuoza kwake si adimu hata kidogo; kilicho adimu ni njia moja kati ya njia zake za kuoza. Mechi ikiisha, watu wote hutoka uwanjani kwa muda uleule. Wawili watatu wakipitia mlango wa nyuma, haina maana kwamba hao walichelewa.

Njia yenyewe ni hii: nyutroni ya nje kabisa imeshikiliwa kwa nishati ndogo mno, kama keV 502 (keV ni kipimo cha nishati). Ikigeuka protoni (huo ndio uozo wa beta), protoni hiyo inaweza kuchomoka na kuacha berili-10. Inabaki keV 281 tu ya kugawana, ndiyo maana nadharia ilitabiri kama mara 3 katika kila maozo milioni 100 ya berili-11.

Mwaka 2014, kundi la ISOLDE, kituo cha viini adimu pale CERN, maabara ya fizikia iliyoko karibu na Geneva, lilitangaza mara 8.3 katika milioni. Hawakuzitafuta protoni. Waliikusanya berili-11, wakaiacha ioze, kisha wakapeleka sampuli Vienna, ambako berili-10 ilihesabiwa atomu kwa atomu. Hiyo hudumu: nusu-uhai wake ni miaka milioni 1.39. Ni mbinu nzuri sana, naipenda hadi leo.

Tatizo ni kwamba berili-10 nayo hutoka kwa wingi kwenye shabaha ileile, yaani kipande cha mata kinachopigwa ili kuzalisha berili-11. Ikijishikiza na hidrojeni moja, inakuwa molekuli ya namba-uzito 11, inapita kwenye sumaku za kuchuja, inatua kwenye sampuli, na huko Vienna inahesabiwa kama zao la uozo. Tofauti ya uzito kati yake na berili-11 ni kiasi gani? Ikipimwa kwa nishati, ni keV 281, zilezile! Lazima iwe hivyo, kwa sababu molekuli hiyo imeundwa na vitu vilevile vinavyobaki baada ya uozo. Hiyo ni sehemu moja katika 36,000 hivi. Udogo uleule wa nishati unaoufanya uozo uwe adimu ndio unaomfanya mdanganyifu asitambulike. Kusanya mara kumi zaidi, na uchafu utaongezeka mara kumi.

Kipimo kipya cha 2020 kiliishuku molekuli hiyo, kikasema uozo hauzidi mara 2.2 katika milioni. Lakini mwaka 2019, chemba ya gesi huko TRIUMF, maabara ya fizikia nchini Kanada, ilikuwa imeziona protoni zenyewe: mara 13 katika milioni. Vyote viwili haviwezi kuwa sahihi. Wanaokimbilia wazo la nyutroni kuozea kwenye mata ya giza (mata isiyoonekana) hawaokoi chochote: wazo hilo linaongeza berili-10 bila protoni, ilhali hapa zilizozidi ni protoni. Majaribio mawili ya 2022 yalikuta rezonansi, yaani hali ya nishati ya muda mfupi, katika boroni-11, kiini ambacho berili-11 hugeuka kuwa baada ya uozo wa beta; iko juu kidogo ya kizingiti cha protoni, nishati ya chini kabisa inayoiruhusu protoni kuchomoka. Inatia moyo, ila haisemi uozo wa beta unaifikia mara ngapi.

Sijaridhika na upande wowote. Ninachotaka ni protoni na berili-10 vihesabiwe kutoka mwali mmoja wa ioni, na idadi ya berili-11 ipatikane kwa gama ileile ya keV 2125, mnururisho unaotoka berili-11 inapooza.